Kabla ya Kipindi cha Tatu

Pavel alimkagua mwanangu kama mtu anayenunua gari lililokwisha kutumika, na kwa hilo nilimheshimu. Siwaamini watu wanaosifu kila kitu.

"Anatoka haraka sana," aliniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Mikono yake ni mizuri. Anaiona nafasi kabla haijafunguka. Lakini akiupata mpira anainamisha kichwa. Akicheza hivyo barafuni kwetu, watamvunja."

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi nimemwambia anyanyue kichwa, hata tukiwa mezani."

Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa hoteli moja ya Galu iliyofungwa zamani. Kocha Baya aliukodi, akaisugua sakafu yake ya saruji, akauzungushia ukingo wa mbao, na humo akawafundisha watoto wetu mpira wa magongo wa barafuni, bila barafu. Hucheza kwa viatu vya magurudumu, na mpira wenyewe ni kisahani kigumu cheusi. Barafu ya kweli wameiona Nairobi tu. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikamwona mwanangu Kisilu akicheza, nikaacha kucheka.

Pavel alitoka Ucheki. Chuo chake cha michezo kilikuwa na nafasi ya mshambuliaji mmoja wa miaka kumi na sita, na ndege yake ilikuwa ya kesho asubuhi. Vipindi viwili vya kwanza aliwatazama wote. Kipindi cha tatu, alisema, angemtazama Kisilu peke yake.

"Nataka kuona kama anasikia akirekebishwa. Udhaifu wake mwingine ni kwamba hapendi kurudi nyuma kukaba. Akiyashika hayo mawili, baada ya miaka mitatu analipwa mshahara."

Hakuna aliyeitaka safari hiyo kuliko mimi. Pasipoti niliifuatilia mwenyewe, na nilikuwa nimeshamwambia baba yake huko Mkongani asimhesabu mtoto katika kazi za shamba.

Mwishoni mwa kipindi cha pili Kisilu alikifuata kisahani pembeni, kichwa chini. Beki mmoja wa timu ya Ukunda, jitu zima, akamgonga kwa bega. Kichwa kikapiga ukingo. Alikuwa na kofia ngumu, lakini mlio ule niliusikia kwenye meno. Kabla sijavuka ukingo alikuwa amesimama. Baya akamuuliza leo ni siku gani, na matokeo ni ngapi kwa ngapi. Akajibu yote. Punde si punde akafunga bao.

Pavel alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kuinuka namna ile siwezi kumfundisha mtu," alisema.

Wakati wa mapumziko Kisilu alikuja mlangoni kunywa maji. Pale hukaa Mzee Chome, mlinzi, Mdigo ambaye tangu tuanze kuja hapo hachoki kututania sisi Wakamba. Husema watu wa bara hatuna salamu, twapita tu kama ng'ombe waendao kisimani. Na kwa Kisilu husema kweli. Huyo shikamoo yake hutoka nikimtia kiwiko.

"Shikamoo, mzee," alisema Kisilu.

"Marahaba, bwana. Za mchezo?"

"Njema." Akanywa, akajimwagia maji shingoni, akageuka. "Shikamoo, mzee."

Mzee Chome akacheka. "Marahaba tena. Leo Mkamba ameamka na adabu."

Kisilu akafuta uso kwa fulana, akamtazama kama ndio kwanza amfikie. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba! Mama Kisilu, huyu umemfunza lini? Basi tumtafutie mke kwetu."

Watu wakacheka, Baya naye. Pavel akauliza kuna nini, akaelezwa kwamba kijana anamheshimu sana mzee, akaitikia kwa kichwa. "Tabia nzuri," alisema. "Hilo pia tunalihesabu."

Mimi sikucheka. Shikamoo ni moja mkikutana, imetosha, na hilo lajulikana hata kwa watoto wa chekechea.

Nikamsogelea mwanangu. "Umemsalimia Mzee Chome?"

"Bado," alisema. "Ndiyo naenda."

Nikamwendea Baya.

"Huyu hachezi tena. Leta gari lako, twende hospitali."

"Mama Kisilu, si nimemuuliza maswali? Na amefunga bao."

"Amemsalimia mzee mara tatu, na hajui kama amemsalimia."

Pavel akamwita Kisilu, akammulika macho kwa tochi ya simu. Akamuuliza jina la hoteli, akajibiwa sawasawa. "Sioni tatizo," aliniambia, kwa upole. "Hofu ya mama naielewa. Lakini uamuzi ni wako."

Baya akanivuta pembeni. "Mama, mzungu anaondoka kesho. Nimeandikia watu miaka mingapi mpaka akaja huyu mmoja? Kipindi kimoja tu. Kisha nakupeleka popote utakapo."

Nikamtazama Kisilu. Alikuwa ameshaanza kuvaa kofia, amesimama wima, mzuri, mzima. Kama ningekosea, nisingesamehewa na mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Nikachukua mkasi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, nikapiga magoti, nikamkata kamba za viatu.

"Mama! Unafanya nini? Mama, nitakuchukia."

"Chukia. Leta mguu wa pili."

Tulimkalisha katikati, kwenye pikapu ya Baya, tukaelekea Msambweni. Kisilu alilia kwa hasira. Alinitukana kwa Kikamba, maneno ambayo sikujua anayajua. Akasema nimemwonea wivu, akasema nataka azeeke akipalilia mahindi. Kila tusi lilikuwa limekamilika, lina mwanzo na mwisho, na nilikuwa nikiyasikiliza kwa ajili hiyo tu.

Tulipokaribia njia ya Gazi, alinyamaza.

"Afadhali," Baya alisema. "Sasa ametulia."

Nikamgeuza uso. "Kisilu. Endelea. Nitukane."

Akanitabasamia taratibu, tabasamu la adabu, kama anavyotabasamiwa mama wa mtu mwingine. Mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa imetanuka, karibu jicho zima jeusi. Ya kushoto ilikuwa kama kawaida.

"Baya," nilisema, "usisimame kwa mtu yeyote."

Baya akatupa jicho mara moja, hakuuliza. Akawasha taa zote mchana kweupe, akaweka mkono kwenye honi, na hakuutoa tena.