Mgeni Kutoka Maji ya Chumvi

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mwezi ule Papa Ruphin alikohoa hadi mtaa mzima ukasikia. Mtu wa miaka hamsini na minane, mpimaji wa madini katika maabara ya kiwanda mjini Likasi, mgane mwenye wajukuu, anapita njia ya sokoni akiimba besi peke yake! Alikuwa amempenda Noëlla, mwimbaji mwenzake wa kwaya, mjane mwenye kicheko kinachofika mpaka sakristia. Alipomwomba wafunge ndoa, Noëlla alimtazama, akatabasamu, akampa sharti.

“Papa Ruphin, kila siku unanisemea ile nyama ya bahari yenye kufunguka sawa maua. Minye bahari sijaionaka. Ikifika, nitakuya dimanche kuiona ku nyumba yako. Siku ile njo nitakujibu.”

Mnyama huyo alikuwa tumbawe, na Ruphin alikuwa amekwisha kuliagiza. Sebuleni kwake, pale ambapo wenzake huweka televisheni, alikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi. Chumvi yenyewe aliinunua kwa gunia, akaikoroga kwenye pipa na kuipima kwa makini kama dawa ya mtoto. Ndani waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa, na wa tatu asiyeogelea. Huyu alichongwa kwa malakiti, lile jiwe letu la kijani, naye alikuwa zawadi ya Noëlla. “Umuweke pamoja na benzake,” alisema siku alipomtoa, na Ruphin alitii jioni ileile.

Jumamosi Ghislain, muuza samaki wa mapambo wa Lubumbashi, akaleta tumbawe ndani ya mfuko wa maji. Tumbawe usilione limetulia ukadhani ni jiwe au mmea, ni mnyama kabisa. Likiwa na raha hutoa vidole laini vya kijani vyenye ncha za waridi, vikacheza na maji. Ruphin aliuacha mfuko wake uelee mpaka joto likalingana, akaongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa saa nzima, kisha akaliweka mahali pa heshima, bega kwa bega na samaki wa Noëlla. Akavuta kiti, akangoja.

Halikufunguka. Jumapili halikufunguka, na Noëlla alikuwa anakuja Jumapili inayofuata! Jumatatu Ruphin akawasha taa kali zaidi, akalisogeza kushoto, akalirudisha kulia, akaligeuzia pampu, akalimwagia chakula. Kila alipoligusa lilijikunja, mpaka likafanana na kokwa la embe lililonyonywa.

Dada yake mkubwa, Angèle, Yaya kama alivyomwita, aliyekuwa akiishi naye, alivumilia hadi Jumanne. Siku hiyo akatokea na chupa ya maji ya baraka.

“Yaya, hapana!” Ruphin akaruka. “Ile maji haina chumvi, utaiuwa!”

“Bon, basi unisikilize. Ule ni mugeni. Ametoka mbali, amechoka. Mugeni akifika kwetu, unamupatia kiti, unamuacha apumuzike. Weye unamuwashia taa mu macho, unamuhamisha chumba mara tano. Ata minye ningejifungia!”

Ruphin alicheka mpaka akashika ukuta, maana dada yake alikuwa amesema kweli tupu. Akapunguza taa, akatandaza kitenge cha Angèle juu ya nusu ya kioo, akaipunguzia pampu kasi ili maji yapite taratibu, na mikono yake akaitia mfukoni. Jumatano mchana kidole kimoja kikachungulia. Kimoja tu! Ruphin alikimbilia jikoni akamzungusha Angèle na mwiko wake mkononi, wakacheza bila muziki, na ugali ukashika chini. Asubuhi iliyofuata kidole kilikuwa kimerudi ndani.

Hapo aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya Noëlla, na akajishangaa kuona kwamba alikiogopea hata kiumbe kile kidogo kilichosafirishwa mbali na kwao bila kuulizwa. Akachota maji ya tangi kwenye chupa, akaenda nayo kazini, na wakati wa mapumziko akayapitisha kwenye mashine. Mashine ikasema shaba. Akaiosha, akapima tena. Shaba. Ilikuwa kidogo, ya samaki kuivumilia, lakini kwa tumbawe ni sumu.

Shaba itoke wapi ndani ya sebule? Ruphin akajipiga kofi la paji la uso. Malakiti! Jiwe lile ni shaba iliyovaa kijani, mukuba kwa lugha ya kwetu, mtoto yeyote wa Likasi anajua. Miaka ishirini na sita anaitafuta shaba katika kila jiwe analoletewa, isipokuwa hili alilopewa na mpenzi wake. Mganga hajigangi! Akacheka peke yake kati ya chupa, kisha kicheko kikamkauka. Macho ya Noëlla yangemtafuta samaki wake kabla ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo alimtoa Alhamisi hiyohiyo, akamfunga ndani ya leso. Akatundika tangini mfuko wa makaa ya kuchujia, na kila siku akabadilisha sehemu ya maji, bila pupa.

“Dimanche umurudishe saa moja tu,” Angèle akashauri. “Noëlla akienda, unamutosha tena mu maji. Nani atajua?”

Shauri lilikuwa tamu. Jumapili baada ya misa, Ruphin alikunja mkono wa shati, akasimama mbele ya tangi na samaki wa kijani kiganjani. Tumbawe lilikuwa limetoa vidole vitatu vyembamba, vikitetemeka. Mkono wake ukashuka pembeni bila kugusa maji. Akamrudisha samaki kwenye leso, na mlango ukabishwa.

Noëlla aliingia na kitenge chake cha kwaya, akainama mbele ya kioo. “Yezu! Iko na vidole!” Akaangalia huku na huku. “Na samaki yangu?”

“Nilimutosha, Mama Noëlla.” Sauti ya besi ilikuwa imemtoroka. “Iko na mukuba. Ilikuwa inauwa ile nyama. Unisamehe.”

“Ulimutosha lini?”

“Jeudi.”

“Na ulijua nitamutafuta?”

“Nilijua. Yaya aliniambia nimurudishe saa moja, usijue.”

Angèle, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya vinywaji, akakumbuka ghafla kazi ya jikoni.

Noëlla akarudisha macho kwenye tumbawe. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikatoka chote, hadi ikabidi akalie kiti cha Ruphin.

“Bwana yangu, Mungu amupokee, alikuwa muntu muzuri. Miaka kumi na tatu alikula mboga yangu, anasema, ‘Mutamu, mutamu!’ Siku ya kilio yake njo bashemeji walinipasha: Noëlla, unatiaka chumvi mingi! Miaka kumi na tatu, Papa Ruphin! Alikuwa anakunywa maji mu kificho!” Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Nililia mara mbili siku ile. Nikasema, nikiolewa tena, iwe na muntu wa kuniambia.”

Ruphin hakuthubutu kusogea.

“Samedi ndugu yangu Isidore atakuwa ku nyumba,” Noëlla akasema, akiichagua Jumamosi. “Ukuye umuone juu ya mahari, weye na Yaya Angèle. Nitapika minye mwenyewe. Na chumvi ikizidi, utasema palepale, mbele ya bantu bote.”

“Nitasema!” akapiga kelele Papa Ruphin, kwa furaha iliyowaficha samaki wote wawili nyuma ya mawe. “Nitasema, Noëlla, nitasema!”