Nusu ya Massoudi

Mwaka ule mkomamanga wa uani ulizaa tunda moja tu, tena dogo. Saliha alilichunga kwa wivu mpaka likapasuka kidogo ubavuni, ndipo akaliangua baada ya sala ya alasiri.

Mti ulipandwa na mumewe Massoudi, fundi magari, ambaye alikwenda Kajaga kutengeneza pikapu iliyokufa njiani, asirudi. Aliyerudi ni Aloys, dereva wa pikapu hiyo. Aliketi jamvini, akalia, akasema alimwona Massoudi akianguka risasi zilipoanza.

"Aloys, we ulikuwa unakimbia," Saliha alimwambia. "Uliona namna gani mutu mwenye iko nyuma yako?"

Tangu hapo mtaa mzima wa Buyenzi ulimwita Saliha mjane, isipokuwa yeye mwenyewe. Wifi yake Khadidja, wa nyumba ya pili, alimletea kitambaa cheupe cha kukalia eda. Saliha alikirudisha kikiwa na mikunjo yake ya dukani. Mbishi yule, hata shehe alishindwa naye.

Alikata kichwa cha komamanga, akachanja ganda kwa kisu, akalipasua kwa vidole. Kila nusu aliigeuza juu ya bakuli, akaigonga mgongo kwa mwiko, punje zikamwagika nyekundu. Ngozi za njano alizichambua moja moja.

Watu wa mtaa ule waliambiwa tangu utotoni kwamba katika kila komamanga mna punje moja ya Peponi, wala hakuna aijuaye. Ndiyo maana hawakutupa hata moja, na wengi walikula peke yao, wasije wakagawa bahati yao. Massoudi alicheka desturi hiyo na kugawa nusu kwa nusu. "Ikiangukia kwako," alisema, "utanivuta mukono."

Basi Saliha akala nusu yake. Ilikuwa tamu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni tamu. Nusu ya Massoudi akaifunika kwa sahani juu ya kabati.

Asubuhi akakuta sisimizi. Walikuwa wameingia chini ya sahani, wengine wakiburuta punje ukutani kwa bidii. Saliha alipiga kelele kama aliyeibiwa. Akawapuliza, akawapangusa, akawanyang'anya punje ile, kisha akasimama na bakuli mkononi. Akiiacha nusu ile, ingeishia kwa wadudu, na labda ndimo ilimokuwa punje ya Peponi. Akiila, ni kukubali kwamba mwenyewe haji.

Alikaa jamvini, upande ambao Massoudi hukaa. Akasema bismillahi akaanza kula, polepole, punje baada ya punje, machozi yakimtiririka na yeye hayafuti. Moja ilimponyoka ikaingia chini ya kitanda. Alilala kifudifudi na kanga yake safi, akapapasa vumbini mpaka akaipata, akaiosha, akaila. Alimlilia Massoudi kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na majirani wakasikia.

Bakuli lilipokuwa tupu alinawa mikono, akaenda kwenye ukuta wa uani, upande wa Khadidja.

"Wifi! Kile kitambaa cheupe kingaliko?"

"Kiko, wifi yangu."

"Niletee," Saliha akasema. "Massoudi amesha kula."