Shati Zima

Kwa miaka kumi na saba Rispa alishona kola. Si shati, kola tu. Katika karakana ya Hirad kule Eastleigh, Nairobi, orofa ya tatu, shati lilianzia kwa Kadar mwenye mkasi, likaenda kwa waliounga mabega, likafika kwa Rispa likatiwa kola, kisha likarushwa meza ya nyuma kwa Norah aliyetia mikono, mpaka likaishia kwa Waruguru, dada wa vifungo. Kola za Rispa zilisimama. Wanunuzi wa jumla walizipapasa kwa vidole kabla hata ya kuuliza bei. Lakini shati zima, la kuanza kwa kitambaa na kumaliza kwa kifungo, hakuwa ameshona hata moja.

Hilo halikumpitia akilini. Mtu akikaa jirani na kazi muda mrefu hudhani anaijua yote. Siku moja baada ya ibada mama mmoja alisifu shati la mchungaji, na Rispa akasema kwa majivuno, "Hilo limetoka kwetu." Yule mama akauliza, "Ulilishona wewe?" Rispa akageuza mazungumzo. Akaenda nyumbani amenuna, na tangu siku hiyo akaanza kutamani duka lake mwenyewe.

Tumpe haki yake, alijipanga. Alizunguka mtaa wa Lucky Summer Jumapili tatu akitafuta barabara isiyo na fundi, akaipata. Aliuliza kama stima hupotea sana, kama mvua huingia kwa mlango, choo kiko wapi na ufunguo wake hukaa na nani. Alilipia leseni ya kaunti kwanza ndipo akapaka rangi, maana alishaona watu wakipaka rangi kwanza na kanjo, askari wa kaunti, wakawafungia kabla haijakauka. Cherehani ya mitumba aliinunua kwa kuisikiliza, amefumba macho, huku mwenye kuiuza akimshangaa. Kwa mambo hayo yote hakuna aliyeweza kumfundisha kitu.

Alipoharibu ni kwenye kuaga. Miaka miwili nyuma, Carolyne wa pasi alitangaza karakana nzima kwamba anaenda kufungua hoteli ya chapati. Baada ya miezi minne hoteli ilifungwa, Carolyne akarudi kwenye pasi yake, na mwezi mzima watu wakawa wanamuuliza leo kumepikwa nini. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Rispa. Sasa zamu yake ilipofika akaogopa kicheko hicho hicho, na akaogopa kijicho pia, kwa sababu nyumbani kwao mtu hatangazi mpango kabla haujasimama. Akawaambia wenzake kwamba mama yake amepatwa na kiharusi, na lazima arudi kijijini Ugenya akamtunze.

Mama yake wakati huo alikuwa shambani anang'oa mihogo, mzima kabisa, akigombana na mbuzi wa jirani.

Rispa alidhani watamwambia pole na mambo yataishia hapo. Alikuwa amewasahau watu aliokaa nao. Kabla ya chakula cha mchana bakuli la mchango lilikuwa limezunguka meza zote, na Hirad mwenyewe akatia mkono mfukoni. Kadar alishuka chini akarudi na blanketi jekundu, zito, la kumfunika mgonjwa. Norah alilia. Rispa alipokea kwa mikono miwili naye akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli kuliko maneno yake. Angeweza kusema ukweli pale pale. Hakusema.

Basi akafungua duka. Wiki ya kwanza aligundua jambo ambalo halikuwa kwenye mipango yake: kwamba saa nne ya asubuhi hufika hata kama hakuna wa kunywa nawe chai. Kwa Hirad, saa nne mashine zote zilinyamaza pamoja, mtu akamwaga chai, mwingine akaanza habari za mumewe. Hapa alijimwagia kikombe kimoja akatazama ukuta alioupaka mwenyewe. Hata choo kilikuwa tatizo. Ukiwa peke yako, kwenda choo ni kufunga duka, na mara mbili alirudi akakuta mteja anaondoka.

Tena uzi wote mzuri, na vifungo, na kitambaa kigumu cha ndani ya kola, viko Eastleigh. Eastleigh ndiko asikoweza kukanyaga. Angekutana na Waruguru hatua ya kwanza tu, na mama mgonjwa angekuwa ameachwa na nani? Akawa anaenda kununua mjini kwa bei ya juu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Rispa ilikuwa imemzungusha Nairobi yote.

Na kila Jumapili Norah alipiga simu. "Mama anaendeleaje?" Rispa akajibu ameanza kuinua mkono. Jumapili nyingine, amekula uji mwenyewe. Aibu ilimla, lakini nitakwambia jambo baya zaidi: aliingojea simu hiyo. Wiki nzima hakuna mwingine aliyemuuliza chochote isipokuwa bei ya kubadilisha zipu.

Mwezi wa tatu wa duka akaja Muthama. Alikuwa dereva mstaafu, anakaa ploti ya pili kutoka hapo, mtu mwenye maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Akaweka mezani kitambaa cha samawati kilichokunjwa vizuri.

"Ijumaa mchana naenda Machakos," akasema. "Jumamosi ni ntheo ya binti yangu, posa ya kikwetu. Wakwe wanaleta mbuzi. Hiki kitambaa ni yeye alininunulia."

"Hongera, mzee. Shati?"

"Shati. Maisha yangu yote nimevaa mitumba. Siku hiyo nataka nguo ambayo hakuna mtu ameivaa kabla yangu." Akamtazama. "Ukinitoa vizuri, fundi, wanaume wa chama chetu cha akiba wote nitawaleta hapa."

Rispa alijua maana yake. Kwa viraka na zipu peke yake duka halingefika mwezi wa nne, na kwa Hirad hawezi kurudi, ana mama mgonjwa Ugenya. Shati hili likikubali, anakaa. Likikataa, anafunga.

Alipima, akakata, akaunga mabega. Kola aliishona akiimba, ikakaa vile kola inavyofaa kukaa. Akafunga ubavu huu na huu, akatia mikono. Mikono ikakataa. Ilikusanyika begani ikafanya mikunjo, mmoja ukavuta mbele na mwingine ukavimba. Akafumua, akarudia, ikawa vibaya zaidi. Alitafuta video kwenye simu, akampata mama wa ng'ambo anayeongea haraka, na bando likaisha kabla mama huyo hajamaliza salamu. Akafumua mara ya tatu. Sasa kingo za kitambaa zilikuwa zimeanza kuchakaa, na kitambaa kingine hakipo.

Miaka kumi na saba Norah alikuwa ametia mikono nyuma ya mgongo wake, hatua mbili tu, na Rispa hakuwahi kugeuka kumtazama anafanyaje.

Alhamisi saa saba mchana simu ikalia. Ilikuwa Norah, na haikuwa Jumapili.

"Sasa Rispa! Sikiza, niko na habari poa. Tumekodi gari. Kesho jioni tunatoka, watu kumi na mmoja. Hirad ametupatia off ya Jumamosi. Tunakuja kumwona mama."

Rispa akakaa chini. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Angesema mama amepelekwa Kisumu. Nao wangesema basi tutapitia Kisumu. Kilichobaki kuwazuia kabisa ni kusema mama amekufa, na alipoona kwamba hata hilo amelifikiria, akajiogopa mwenyewe.

"Norah, msije. Mama si mgonjwa."

"Amepona?" Sauti ilijaa furaha.

"Hakuugua."

Kule upande wa pili cherehani zilikuwa zikiunguruma. Rispa alizitambua moja moja.

"Niko Lucky Summer," akasema. "Nimefungua duka. Tangu ile siku nilitoka kwenu."

"Kwa hivyo hizo Jumapili zote…"

"Ndio."

"Mimi humwombea mama yako kila asubuhi, Rispa. Kwa jina." "Si ungesema tu unaenda kufungua duka? Tungekufanyia nini?"

"Mngenicheka. Vile tulimcheka Carolyne."

"Ni wewe ulimcheka. Huyo Carolyne ndiye wa kwanza kutoa pesa za gari."

Rispa alitamani ardhi impasukie. "Mchango wenu nitarudisha," akasema. "Wote. Na blanketi."

"Blanketi mwachie mama. Yeye hajakosea." Kisha Norah akasema, si kwa hasira, kwa uchovu tu, "Acha nikawaambie hawa watu. Kuna wengine washapika mandazi ya safari."

Hapo mtu mwenye haya angekata simu. Lakini shati lilikuwa mezani na mikono imelala kando yake, na Rispa hakuwa na mwingine duniani wa kumuuliza.

"Norah, kabla hujaenda. Nashona shati. Mikono imenishinda."

"Umefunga ubavu?" Ilikuwa sauti ya Norah ya kazini, ile aliyowapa wanafunzi wapya, wale asiojua hata majina yao.

"Nimefunga."

"Ndio maana. Fumua ubavu. Mkono wa shati unaingizwa mwili ukiwa wazi, ndio ufunge ubavu na mkono pamoja, mstari mmoja. Na usiweke mkono juu. Mkono chini, mwili juu. Meno ya mashine yatakula ule urefu yenyewe. Usivute."

"Mkono chini, mwili juu."

"Usivute," Norah akarudia, akakata simu.

Rispa alilia kwanza, kwa sauti, mlango wazi, na kama mteja angetokea angemkuta hivyo. Kisha akanawa uso kwenye karai, akafumua ubavu kwa wembe, polepole. Akalaza mkono chini na mwili juu, akakanyaga. Hakuvuta. Kitambaa kikaenda chenyewe, bega likazunguka laini, hata mkunjo mmoja haukutokea. Alipofunga ubavu wa pili akatia vifungo mpaka cha mwisho, akalitundika shati ukutani akalitazama. Lilikuwa shati zima, na hakukuwa na mtu wa kumwita aje aone.

Ijumaa Muthama alikuja mapema, begi la safari begani. Akalivaa juu ya fulana, akanyoosha mikono mbele, akainua juu, akazungusha kama mtu anayeshika usukani. Kwa mara ya kwanza akavua kofia ili ajione vizuri kwenye kioo.

"Wewe fundi wewe," akasema. "Nitakuletea watu mpaka uchoke. Hili umelishona lote mwenyewe?"

Swali lilikuwa lile lile la kanisani, na safari hii jibu alikuwa nalo, la halali au karibu na halali.

"Hapana, mzee," akasema. "Mikono ni ya Norah."

"Norah ni nani? Mnafanya kazi pamoja?"

"Tulikuwa."

Muthama akaitikia kwa kichwa, akalivua shati kwa uangalifu, akalikunja mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu kulikunja. Mlangoni akageuka.

"Basi ukiongea naye, mwambie mzee amesema asante. Mikono imekaa kabisa."

Rispa akasema atamwambia.