Sungura Wenye Tundu Begani

Mvumilivu hula mbivu, wasema walioshiba. Katika milima ya Monadhliath, kaskazini mwa Uskoti, mvumilivu ndiye huliwa, na huliwa kwanza.

Jumatatu ya pili ya Februari, Ishbel Gillanders alijaza chai kwenye chupa, akafunga mikate mikavu ya shayiri kwenye kitambaa, akavaa suruali mbili, akapanda mlima kuwapiga picha sungura. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane wa Murdo, aliyekuwa mwindaji wa milki, ardhi ya kuwindia iliyoshika milima yote ile. Nyuma yake alikuja shemeji yake Fearchar, aliyerithi kazi ya kaka yake pamoja na bunduki. Alimbebea miguu mitatu ya kamera kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko na nyumbani kulikuwa na kazi ya kupaka rangi.

Sungura wa mlimani huwa mweupe wakati wa baridi. Hujichimbia kishimo kwenye theluji na kuketi humo kutwa, akiupa upepo mgongo. Wapiga picha wa mjini huwaendea wima na kuambulia mikia. Ishbel, kila mwaka, alilala kifudifudi hatua mia kutoka kwa sungura, akatambaa urefu wa mkono, akatulia sikio likigeuka, akamsimulia sungura habari za nyumbani kwa sauti ya chini mpaka sikio lilale, kisha akatambaa tena. Kazi ya saa tatu. Baada ya majira matano ya baridi, sungura wa mteremko wa kusini hawakuwa wakimkimbia mtu.

Februari iliyotangulia, milki iliwapiga risasi wote. Sungura hubeba kupe, kupe huwaua kwale, na kwale wanatakiwa wawe hai mpaka Agosti, wageni waje kuwaua. Magari mawili yalijaa.

Kwa hiyo mwaka huu theluji haikuwa na alama hata moja. Ishbel alilala kifudifudi vilevile.

"Unamtambalia nani?" Fearchar aliuliza. "Umekuwa kama mtoto anayeota meno."

"Nyamaza, shemeji. Unanizibia mwanga."

Saa nne na nusu alikuja sungura jike mwenye sikio lililochanika, ambaye Ishbel alimfahamu tangu mwaka wa kwanza. Alipita juu ya theluji laini bila kuacha alama, akaketi hatua tatu mbele ya lenzi. Nyuma ya bega alikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha koti, limetokea upande wa pili, safi kabisa, na ndani yake ulionekana mlima wa ng'ambo ukipigwa na jua. Tundu liling'aa kuliko manyoya, kwa hiyo Ishbel alipunguza mwanga kidogo kwenye kamera, akapiga.

Sungura alijikuna, akaondoka, akaja mwingine. Walikuwa wamepanga foleni nyuma ya jabali, hawasukumani, kama watu wanaosubiri picha za pasipoti. Kufika saa nane alikuwa ameshapiga arobaini na mmoja. Kila mmoja, Ishbel alimnong'oneza neno kabla hajaondoka, kisha akamwambia asante. Moyo ulimjaa hata baridi hakuisikia. Alikuwa amedhani hatawaona tena, na sasa walikuwa wamekuja, tena karibu kuliko enzi za uhai wao.

Fearchar alichungulia kioo cha kamera. "Huyo wangu. Na huyo. Huyu ni wa vijana wa kukodiwa, ona alivyopigwa ovyo." Akafika kwenye picha ya kwanza. "Huyu wa sikio nilimpiga nikiwa karibu kama nilivyo kwako sasa. Hakukimbia."

"Najua."

"Alidhani ni wewe, shemeji."

Ishbel alimmiminia chai. Wakanywa.

Picha zilitundikwa kwenye ukumbi wa kijiji. Watu walizisifu, wakanyoosha vidole kuonyeshana: ndani ya huyu linaonekana kanisa, ndani ya yule paa la posta. Wageni wa kuwinda, waliokuja kuikagua milki kabla ya Agosti, nao walipita, wakaziangalia muda mrefu, na wawili wakarudi kwao kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake Bwana Lockhart, msimamizi wa milki, aligonga mlango wa Ishbel. Alikuwa kijana mwenye koti la kijani lisilojua matope.

"Mama Gillanders, picha ni nzuri. Tatizo matundu."

"Matundu si yangu, mwanangu."

"Ungeyafuta. Kompyuta zipo."

"Kanisa lingeonekana kupitia wapi?"

"Mama, nyumba hii ni ya mwindaji. Murdo alipofariki tulikuachia kwa hisani tu. Hii ndiyo shukrani ya punda?"

"Nimeshukuru miaka tisa. Kaa basi unywe chai."

Hakukaa. Alisema Jumapili, baada ya ibada, Ishbel aombe radhi ukumbini mbele ya watu wote. Asipoomba, Mei atoke.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kulikuwa na supu ya samaki wa moshi na viazi, na hakuna aliyevua koti, maana upepo wa mlimani ulikuwa ukiingia kupitia matundu ya picha. Tundu la picha ya karibu na meza mtu alikuwa ameliziba kwa soksi. Nje yaliegeshwa magari mawili yenye maturubai mapya, tayari kwa kazi ya Jumatatu, kuwapiga sungura wa mteremko wa kaskazini.

Ishbel alisimama.

"Nashukuru kwa supu," alisema. "Namshukuru shemeji yangu Fearchar, ambaye kesho atafanya kazi asiyoipenda, na mzigo wangu aliubeba. Nawashukuru nyinyi mliotazama bila kugeuza nyuso. Naishukuru milki kwa paa la miaka tisa, halikuvuja hata mara moja. Na sungura nawashukuru, arobaini na mmoja, hakuna hata mmoja aliyeharibu picha."

Akaketi, akachukua kijiko.

"Na radhi, mama?" Bwana Lockhart aliuliza.

Fearchar aliinamia bakuli. Upepo ulipuliza mvuke wa supu upande mmoja.

"Niliowakosea ni wale," Ishbel alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha kutomkimbia mtu. Kule juu niliwaomba radhi mmoja mmoja, kila mmoja akakaa mpaka nikamaliza kusema. Mei nitafungasha vyombo. Nyinyi siwaombi."