Gia ya Pili, Mteremko wa Golini

Tulikuwa tumekwisha kuuacha uwanja wa boma la Kwale, mimi nikiendesha pikipiki na Chome, mwalimu wangu, amekaa nyuma yangu ameshika mkoba wa barua. Karani Suleiman alibaki barazani anatazama saa. Nikifika Msambweni kwa Mudiri, mtawala wa huko, na kurudi kabla ya alasiri, kazi ya tarishi wa pikipiki ni yangu. Nikishindwa, baba mkwe wangu, Mzee Mbwana wa Munje, atakuja kumchukua binti yake Mwanatumu. Alikuwa amenieleza bila kunificha. Mara mbili nilimwacha mke wangu nikatembea, mara moja Tanga na mara moja Voi, na mzee alisema mume asiyekaa mahali pamoja ni mgeni tu, na mgeni hapewi mke.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Kazi yenyewe ilikuwa ya huyo huyo Chome. Alikuwa Mduruma wa Kinango, askari wa Keya wa zamani, aliyepeleka barua kwa pikipiki katika matope ya Burma. Sasa jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na boma lilimwamuru afundishe mtu wa kushika mahali pake. Akapewa mimi. Yaani kila alichonifundisha vizuri kilikuwa kinamtoa yeye kazini. Mimi nilisoma juzuu mbili za chuoni na nusu mwaka wa misheni, lakini hesabu hiyo niliiweza.

Tena alikuwa mtani wangu. Ukoo wao wa bara na ukoo wetu wa pwani ni watani toka kwa mababu, na mtani ana ruhusa ya kukuchezea hata matangani, wala hupewi nafasi ya kununa. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Gia ya kwanza unainua kwa ncha ya kiatu. Tatu zilizobaki unakanyaga chini."

"Ndogo iko juu, kubwa ziko chini?"

"Ndivyo ilivyoundwa. Kamwulize aliyeiunda."

"Ungekuwa wewe ndiye mwanafunzi ungesadiki?"

"Ningekuwa mimi ndiye mwanafunzi nisingenuka papa."

Nikainua, ikaenda. Kumbe kweli. Ndipo akaniambia kwamba pikipiki hii ilikuwa ya jeshi, imezoea amri, kila ukibadili gia sharti uitaje kwa sauti ama itakukataa. Siku tatu nilizunguka soko la Kwale ninapiga kelele, moja, mbili, tatu. Watu walinyamaza nikiwafikia, wakaanza tena nikiwapita. Siku ya nne mama mmoja muuza mihogo akaniita.

"Mwanangu, hiyo ya nne hujaifikia tu? Sisi tunaingoja."

Nikamtafuta Chome kwa macho. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mtu anajifuta machozi kwa kilemba.

Tangu siku hiyo neno lake halikuniingia. Akisema kulia, natazama kushoto kwanza. Akanifundisha habari ya kilima: "Mlima unauteremka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Golini ni ya pili. Injini itanguruma, iache, ndiyo inayokushika. Hii breki ni ya kusalimia watu tu."

Nilijaribu ya pili kwenye mteremko mdogo. Injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa na mtu asiyejua. Nikaenda kumwuliza Shutu, dereva wa lori la nazi, aliyekuwa akipita Golini kila siku kwenda Likoni.

Shutu akacheka. "Ya pili, kuteremka? Anataka uivunje injini siku ya mtihani, arudishiwe kazi yake. Mimi pale naitoa gia, naweka fri. Gari linakwenda lenyewe na petroli ya tajiri inabaki."

Shutu hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Hilo sikumwuliza. Alisema nililotaka kusikia, nikamshukuru.

Kupanda Chome nyuma halikuwa shauri lake. Asubuhi ile ya mtihani karani alimwambia, "Nenda naye, uniletee habari ya alivyoendesha." Chome akanitazama kwa lile jicho zima, kisha akakifunga kilemba chake upya, kwa nguvu. Nikajua amekwisha kupanga la kusema.

Tulipofika kichwani mwa mteremko akanigusa bega. "Ya pili."

Nikavuta klachi, nikainua, nikainua tena, nikatafuta pale katikati ya ya pili na ya kwanza. Fri. Injini ikatulia, upepo ukajaa shatini. Ilikuwa raha kabisa.

"Mbona siisikii injini?"

"Imepumzika."

"Weka ya pili."

"Leo hunipati, mtani. Kaoge kwa vumbi lenu huko Kinango."

Hakurudisha. Mtani asiyerudisha ni kitu kigeni, nami nikazidi kumwogopa. Chini yetu njia nyekundu ilikuwa inakimbia kuliko nilivyopata kuiona.

"Kibwana," akasema. "Weka ya pili. Si utani."

Miezi miwili hakuwa ameniita jina langu. Nilikuwa papa, nilikuwa nazi mbovu, nilikuwa bwana arusi. Nikasikia jina langu kinywani mwake, nikasema moyoni, huu ndio ule mtego mkubwa.

Kona ilipoonekana nilikanyaga breki, haikushika kitu. Nikajaribu kuitia gia wakati huo, ikasaga meno ikanikataa. Tukaiacha barabara, tukaupanda ukingo, tukaangukia katika shamba la mihogo. Mimi nilichunika viwiko. Pikipiki ilimlalia Chome mguuni, nao ulivunjika chini ya goti, niliusikia.

Nikaiinua ile pikipiki peke yangu. Ndipo akili iliponijia, imechelewa: mtu hawezi kukudanganya juu ya chombo alichokipanda mwenyewe. Chome alikuwa anapumua kwa pua.

Karani Suleiman aliletwa na gari la boma. Akatazama pikipiki, akatoa kalamu kabla hajampa mgonjwa pole.

"Alikuwa gia gani?"

 Akilini nilimwona Mzee Mbwana anafunga sanduku la binti yake.

"Ya pili," akasema Chome. "Nilimwambia ya pili, akaweka ya pili. Breki ndiyo iliyokataa."

"Kwa hiyo anafaa?"

"Anafaa. Ana masikio."

Suleiman akaandika. Siku ya tatu nilikwenda hospitali nikamkuta Chome amefungwa mguu kwa plasta. Nikamwuliza kwa nini alisema vile.

"Ulitaka niseme nini?"

"Kweli."

"Kweli nilikwambia pale mlimani. Uliifanyia nini?"

Nikaondoka. Nilijiambia ana lake, atakuja kulidai siku moja. Kila nilipomwona mtu wa Kinango njiani nilidhani ametumwa na yeye. Hakutuma mtu.

Nilipeleka barua za boma miaka minne, nikiteremka Golini kwa gia ya pili, halafu nikachoka kukaa nikaenda Pemba. Mwanatumu alirudi Munje, akapewa talaka, akaolewa na mvuvi na kuzaa wanne. Mzee Mbwana alifariki kabla sijarudi. Mguu wa Chome uliunga mfupi. Alifuga mbuzi Kinango na akafa mwaka wa sitini na moja, mimi sikuwapo mazikoni. Suleiman alipanda cheo, akahamishiwa Mombasa. Shutu aliendelea kuweka fri Golini mpaka alipostaafu, wala hakuwahi kuanguka. Pikipiki ilinunuliwa na mtu wa Bongwe, akaing'oa injini na kuiacha bodi uani.