Kibali cha Viti Sita

Itangazwe kwa wananchi wote wa Kasulu, Kibondo na vijiji vyake kwamba mwezi wa sita mwaka 2014, sebule ya Bwana Lusajo ilitambuliwa rasmi kuwa yenye mchanganyiko bora wa mitindo katika mkoa mzima wa Kigoma. Waliopiga kura ni wawili: mke wake, Mama Anifa, kwa jina lake mwenyewe, na binti yao Recho, mwanafunzi wa bweni wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo, msichana mtulivu, mwenye heshima na mwandiko mzuri.

Mama Anifa alikuwa amesoma kwenye gazeti la saluni kwamba nyumba ya kisasa haifuati mtindo mmoja. Akachanganya. Aliweka sofa la Tukuyu, alikozaliwa mumewe, lenye vitambaa vya kufuma. Mbele yake akatandika mkeka wa kwao Ujiji. Halafu akaagiza viti sita vya mikono kwa Emile, fundi seremala, mkimbizi wa Kongo aliyeishi kambi ya Nyarugusu. Emile aliviita fotei.

Gazeti halikueleza kwamba kila kitu huja na desturi ya kwao. Sofa lilitoa ukungu mpaka saa nne asubuhi, na aliyelikalia alivaa sweta. Mkeka ulijigeuza kila alasiri kuelekea ziwani. Familia ilizoea, na wageni wenye homa walikalishwa kwenye sofa.

Viti vilifuata desturi ya kambini. Emile alivileta Jumatatu kwa kibali cha siku moja, na viti navyo vikajihesabu kwenye kibali hicho. Saa nane mchana viliinuka, vikapanga mstari mlangoni, vikaondoka kurudi kambini. Ni mbali, lakini mwenye miguu minne hutumia nusu ya muda wa mwenye miwili.

"Baba Recho," alisema Mama Anifa, "Jumamosi mke wa mkubwa wako anakuja hapa. Atakalia nini? Hilo sofa lenu, apate nimonia?"

Alimuuliza mtu sahihi. Katika ofisi moja ambayo haitatajwa, Bwana Lusajo ndiye aliyegonga muhuri kwenye vibali vya kutoka kambini. Asubuhi ileile, baada ya kushusha viti, palepale sebuleni, Emile naye alikuwa amemwomba kimoja.

"Mukubwa, mutoto wangu Reine anaolewa samedi, Jumamosi hii, kule Murungu ya Kibondo. Niko naomba siku mbili tu. Nimupeleke kanisani, nirudi."

"Emile, hii ni serikali, siyo genge la nyanya. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu harusi itakuwa imekwisha, mukubwa."

"Ndiyo vizuri. Utakuja bila haraka."

Viti havikuambiwa vije Jumatatu. Jumatano Bwana Lusajo alileta fomu nyumbani, na Recho, kwa sababu ya mwandiko wake, akapewa kazi ya kuzijaza. Umri: wiki tatu. Sababu ya safari: kukaliwa. Muda: siku mbili. Penye jinsia walijadiliana kidogo, mpaka Mama Anifa akaamua kwamba vyenye mikono mipana viandikwe vya kike. Bwana Lusajo aligonga muhuri kila karatasi aliyosogezewa, macho yakiwa kwenye taarifa ya habari. Aligonga mara saba. Asubuhi gari la ofisi likapeleka vibali kambini.

Ijumaa viti vilifika kwenye kizuizi cha kutokea kambini, karatasi zimechomekwa chini ya mito. Venanti, mlinzi wa kizuizi, alizisoma moja moja, akavisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akainua mti. Nyuma ya viti alisimama Emile, amevaa suti ya kahawia. Karatasi yake ilisema: fotei wa saba, wa kiume, miaka hamsini na mbili, miguu miwili. Sababu ya safari: harusi.

"Miguu miwili?" aliuliza Venanti.

"Ingine iko kwa fundi," alijibu fundi.

"Basi ngoja nijaribu."

Emile alipiga magoti, akaweka viganja chini, na Venanti akamkalia. Alikaa muda wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Alisema kiti ni imara, ila mgongo haujapigwa msasa vizuri. Alikuwa ameshashika kamba ya kuinua mti pale Emile alipokohoa.

"Kiti hakikohoi, mzee wangu," alisema Venanti. Akamkung'uta vumbi magotini, akabaki na karatasi, akamrudisha kambini.

Jumamosi mke wa mkubwa alikaa, akasifu mchanganyiko. Viti vilikuwa vitano. Cha sita kilikuwa kimepitiliza hadi Murungu, maana kibali chake kilisema kukaliwa bila kutaja na nani. Kanisani kilitembea polepole kando ya Reine. Padri alipouliza nani amemleta bibi harusi, kiti kiliinamisha mgongo. Kwenye picha kiko mstari wa mbele, mahali pa baba.

Jumatatu Emile alifika kwenye dirisha la vibali kambini, bila haraka. Aliambiwa kuwa kwa kuwa harusi imekwisha, hakuna tena sababu ya kibali.

Jioni hiyo Bwana Lusajo alirudi nyumbani na ile karatasi ya saba, akailaza kando ya zile sita, zilizokusanywa kwenye kizuizi viti viliporudi kambini. Hapo mwandishi wa taarifa hii aliitwa sebuleni, akasimama kwenye mkeka. Recho ni mimi. Yale ya utulivu na heshima nilijiandikia mwenyewe. Mwandiko ni mzuri kweli, na ndio ulionikamatisha.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Umemwandika binadamu kuwa kiti?"

Nilikuwa na utetezi wa hoja tatu, kama kwenye mdahalo wa shule. Niliziacha zote. Nilikiri kosa moja tu, kwamba ningeandika miguu minne.

Adhabu yangu ni kujaza vibali vipya vya viti, vya mwaka mzima. Nimevijaza leo, viti vikisubiri sebuleni kwa kibali cha siku moja, na baba amegonga vyote sita. Nikamsogezea na cha saba, chenye jina la Emile na neno "mtu". Safari hii aliisoma karatasi yote. Kisha akaikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa kiti cha sita, ulioisha kidogo kwa safari ya Murungu.

Sasa hakiyumbi.