Msumeno wa Baba Mkwe

Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa na akili zake siku hizi. Aliutuma uokote nati mezani, nao ukaisukuma nati mpaka ukingoni, ikadondoka, ikabingirika chini ya mashine na kutulia mahali pasipofikika ila kwa kulala kifudifudi. Fundi alilala kifudifudi. Shavu lake liligusa sakafu yenye mafuta, na kwa muda alibaki hivyo hivyo, akiitazama nati ile kana kwamba ndiyo iliyomkosea, kabla hajaivuta kwa bisibisi akitumia mkono wa kushoto. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na binti yake alikuwa anakuja kesho kumchukua mama yake.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" Sauti ya mkewe ilipenya ukutani. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa karakana, naye alikuwa amelala pale tangu kiharusi kilipomchukua miguu yote miwili. Mikono kilimwachia, na ulimi kilimwachia mzima kabisa.

"Amenuna," fundi alijibu, akiigonga mashine ubavuni.

"Mbembeleze. Mimi hujanibembeleza hivyo tangu unioe."

Fundi aliifuta nati mafuta kwenye suruali. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hata utani humchoma.

Kwa muda mrefu alikuwa akimbeba mkewe mwenyewe, kumpeleka msalani, kumrudisha, kumkalisha dirishani apate upepo. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu mkono. Aliutaja ugonjwa kwa jina refu, akamwandikia vidonge, akamwambia mtetemo ule hauponi, hupoozwa tu. Fundi alivimeza vidonge na kuendelea kubeba. Kisha asubuhi moja, katikati ya ukumbi, mkono ukafunguka wenyewe. Mkewe aliangukia nyonga. Hakuvunjika, ila alilia, na fundi hakuwa amewahi kumwona akilia, hata siku ile miguu ilipokataa.

Habari zilimfikia binti yao mjini kwake kabla jua halijatua. Fundi hakujua zilipitia kwa nani. Alimshuku mama wa nyumba ya pili, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Baba, sisemi huwezi," binti alimwambia kwenye simu. "Nasema umechoka. Nitakaa naye mimi. Huku kwangu watu wapo, tutapokezana."

Fundi alisema sawa. Alipokata simu aliingia karakana, akavuta turubai lililokuwa limefunika mashine iliyoko pembeni, na vumbi likamjaa machoni.

Ulikuwa msumeno wa mashine wa baba mkwe wake, wa kukatia vyuma vinene, umetengenezwa zama ambazo watu hawakuona haya kutumia chuma kingi. Mzee alipofariki, shemeji zake waligawana vitu vyepesi, yeye akaachiwa kisichobebeka. Hakuwahi kuuwasha. Alikuwa kijana wakati huo, mwenye bega zuri na msumeno wa mkono, na aliuona kama kitanda cha watu wavivu.

Sasa ulikuwa tumaini lake lote. Alikuwa amechora kichwani kitu cha kumnyanyulia mkewe: nguzo ya bomba nene kando ya kitanda, mkono wa chuma unaozunguka juu yake, winchi iliyong'olewa kwenye gari bovu, na mbeleko kubwa ya turubai ya kumlaza ndani. Winchi ile ilikuwa na jino la kuzuia mzigo. Hata ukiachia mpini ghafla, kilicho juu hubaki juu. Mkono wake ungetetemeka utakavyo, mkewe asingeanguka. Binti angefika, angeona, na asingekuwa na la kusema.

Tatizo lilikuwa kukata. Grainda ilikwisha kuruka mikononi mwake na kumchana paja, binti akaondoka nayo ndani ya begi. Msumeno wa mkono ulikwenda upogo, na bega liliuma kabla chuma hakijaota hata alama. Kulehemu ndiyo kabisa, kwa hiyo kila kiungo angekifunga kwa bolti. Siku moja alilibeba bomba begani mpaka mlangoni kwa fundi mwenzake wa mwisho wa mtaa, akasimama, akasikia watu wanavyochapa kazi mle ndani, akageuka nalo. Angemwambia nini binti yake? Kwamba mikono ya mwingine bado ni mizima?

Ndipo akaanza kuufufua msumeno. Aliloweka bolti kwa mafuta ya taa, akazigonga, akazilaani, akazibembeleza. Grisi ya zamani ilikuwa imekuwa ngumu kama sabuni kavu, akaikwangua kwa kijiti. Mkanda ulikuwa umeoza, akatafuta mwingine wenye urefu ule ule. Alifungua pampu ndogo ya mafuta iliyokuwa ikiinyanyua fremu inayoshika bledi kwa unywele mmoja kila msumeno unapopumzika, akaisafisha, akairudisha. Kazi ya nusu saa ilimla asubuhi nzima, maana kila alichokishika alikiangusha mara mbili. Alipomaliza aliupaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo, ile ile aliyoikuta chini ya kutu. Hakuwa na sababu ya kufanya hivyo, ila aliona aibu kuuomba msaada ukiwa uchi.

Nati aliyoiokota sakafuni ilikuwa ya mwisho. Aliikaza. Kwenye droo ya mashine alikuta bledi tatu, bado zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta kama mzee alivyoziacha. Ndefu na pana, si za kununuliwa dukani siku hizi. Alifunga moja, meno yakitazama mbele, kama alivyofunga kila msumeno maishani mwake. Akabana kwenye jiliwa chuma cha mviringo kinene kama kifundo cha mkono, ambacho ndicho kingekuwa egemeo la mtambo mzima. Akawasha.

Mota ilinguruma, gurudumu likazunguka, na fremu ikaanza safari yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila mkono wa mtu. Fundi aliiachia. Alirudi nyuma hatua kadhaa, mikono kifuani, akiutazama msumeno ukifanya kazi ambayo yeye hakuiweza tena. Furaha ilimjaa hata akaogopa kuitazama sana, akaenda kumpikia mkewe chai.

"Unausikia?" alimwuliza, akimpa kikombe.

"Nausikia," mkewe alisema, akatazama dari.

Aliporudi, chuma kilikuwa kinang'aa. Ndiyo yote. Palikuwa na mstari safi uliosuguliwa vizuri, hauna kina cha kuficha hata ukucha. Alizima, akapitisha kidole kwenye bledi. Meno yalikuwa yamelala, laini kama ufizi wa kichanga.

Alijiambia bledi imezeeka. Akafunga ya pili, akaongeza mafuta, akaongeza uzito juu ya fremu. Safari hii hakuondoka. Alisimama ameinama, jasho likimtoka, akiuambia msumeno, "Kula. Kula basi." Msumeno ulikwenda na kurudi. Moshi mwembamba ulipanda, harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa chumba, na chuma kikazidi kung'aa. Aliufungua tena mkanda, akaukaza. Akakagua jiliwa. Akaipima fremu kama imepinda. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kila alipojaribu tena palitokea kitu kile kile, mpaka bledi ya pili nayo ikaisha meno.

Fundi alizima mashine, akakaa sakafuni, akashika tama. Jua la mchana lilikuwa limefika kizingitini. Alitazama mkono wake wa kulia ukicheza peke yake juu ya goti, na akauchukia kama mtu anavyomchukia mwizi aliyemlea mwenyewe. Alijua ndio uliokosea. Mahali fulani, katika zile bolti zote, ulikuwa umefunga kitu ovyo, naye hakuwa na siku ya kukitafuta. Kesho gari lingesimama nje, mkewe angebebwa na mikono mizima, na yeye angebaki na nyumba. Kilio kilimtoka kabla hajakizuia, kikubwa na kibaya, cha mtu asiyezoea kulia.

"Mzee," mkewe aliita.

Fundi alijifuta uso kwa kiganja.

"Mzee. Umebakiza bledi ngapi?"

"Moja."

Kitanda cha upande wa pili kililia, kama mtu anayejigeuza.

"Geuza meno," mkewe alisema.

"Nini?"

"Huo si msumeno wa mkono. Ukienda haukati, unakata ukirudi. Geuza meno yatazame kwenye gurudumu."

Fundi alinyanyuka kwa kushika meza. Aliizungusha mashine kwa mkono, polepole, jicho lake karibu na fremu, na sasa, kwa kuwa alijua pa kutazama, aliona. Ilipokwenda mbele, pampu iliinyanyua kwa ule unywele mmoja. Iliporudi, iliiachia ilale na uzito wake wote. Maisha yake yote alikuwa amekata kwa kusukuma, na mashine hii ilikata kwa kuvuta. Mkono haukuwa umekosea chochote. Ulikuwa umefunga bledi kama alivyoufundisha.

Aliigeuza ya tatu, akawasha. Sauti ilibadilika pale pale. Ikienda ilikuwa nyepesi, ikirudi ilikoroma, na chenga za chuma zikaanza kumwagika chini ya jiliwa. Fundi alikimbia ndani, kana kwamba miguu yake bado ilikuwa ya kukimbia.

"Unakula! Mama, unakula! Umejuaje?"

"Chumba changu kilikuwa nyuma ya karakana ya baba. Sauti hiyo ndiyo iliyonilea." Hakuwa anamtazama. "Yako ilikuwa inakoroma bila kutafuna."

Furaha ya fundi ilitembea hatua chache zaidi, kisha ikasimama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha. Nilitaka ushindwe." Alikuwa ameshika ukingo wa shuka kwa mikono yote miwili. "Na aliyempigia binti yako ni mimi. Usimsingizie jirani. Nilimwambia aje anichukue."

Fundi aliketi kwenye kigoda. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya mwanamke huyu, na chini ya hasira palikuwa na woga mtupu.

"Kwa sababu nilikuangusha."

"Kwa sababu uliponiangusha hukunitazama mimi. Uliutazama mkono wako. Nikaona kama ungepata shoka ungeukata. Tangu siku hiyo huli, husemi, unanibeba umefumba macho. Nikasema nikiondoka utapumzika. Utapona hata kidogo."

"Na hii ya tatu?"

"Ya tatu sikuweza," mkewe alisema. "Nilikusikia unalia."

Ng'ambo ya ukuta msumeno ulikwenda, ukarudi. Fundi alisogeza kigoda karibu na kitanda. Aliupeleka mkono wake wa kulia juu ya ule wa mkewe. Ulitetemeka pale juu, na mtetemo ukaingia katika mkono wa chini, mpaka ikawa vigumu kujua ni upi unaotetemeka.

"Niendelee au niache?" aliuliza.

"Chuma kimekatika?"

"Bado."

"Basi ngoja kikatike."

Walingoja. Mkewe alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo fundi hakuwa ameiona siku nyingi, uso wa msichana anayelala mchana huku baba yake yuko kazini. Hatimaye ule mkoromo ukapanda kidogo, kipande kikaanguka sakafuni kwa kishindo kizito, na mashine ikajizima yenyewe fremu ilipogonga swichi, kama ilivyotengenezwa kufanya. Fundi alinyanyuka, akaenda kukiokota.

Jumamosi asubuhi nguzo ilikuwa imesimama kando ya kitanda. Haikuwa nzuri. Bolti nyingine zilikuwa ndefu kuliko zilivyotakiwa, na rangi haikuwepo. Fundi alikuwa amekwisha kuning'iniza gunia la mchanga zito kumshinda mkewe, akaliacha juu huku yeye akinywa chai, halikushuka. Sasa alipitisha mbeleko chini ya mgongo wake na chini ya mapaja, akafunga ndoano, akazikagua, akazikagua tena.

"Nimerudi utotoni," mkewe alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nishike bega."

"Shika mpini wako. Na uniangalie mimi."

Fundi alimwangalia. Mpini ulicheza mkononi mwake, jino la winchi likagonga, likagonga, na turubai likakaza. Mkewe alitoka kitandani kidogo kidogo, akaning'inia, akayumba kiasi, akatulia. Kichwa chake kilifika usawa wa dirisha ambalo tangu aanguke hakuwa ameona kitu ndani yake ila anga. Uwanja ulikuwa pale, na kamba ya nguo, na mlango wa karakana uliokuwa wazi.

"Umempaka rangi mke mwenzangu," alisema.

"Ilikuwa imebaki kwenye kopo."

"Ya baba." Aliitazama kwa muda mrefu.

Nje gari lilisimama. Mlango wake ulifunguliwa, ukafungwa, na viatu vya binti yao vikasikika kwenye kokoto. Fundi alisogeza mkono kwenye kizuizi cha winchi ili amteremshe.

"Hodi," sauti iliita barazani. "Baba? Mama?"

"Usiniteremshe kwanza," mkewe alisema, bado akitazama dirishani.

Fundi akaushika mpini kwa mikono yote miwili, ingawa mpini haukuhitaji kushikwa.